Tanuri Kwenye Kibanda cha Kuku

Ngoliba, Thika
7 Machi 2025

Kwa Muthoni wangu,

Habari za huko Ruiru? Natumaini wewe na Dianah mko wazima na kazi inaenda. Mimi sijambo, ila hili goti la kushoto linajua mvua inakuja kabla ya redio.

Najua utashangaa kupata barua kwa mkono wa mke wako. Dianah ameniambia nikupigie simu. Sitaki. Kwetu sisi Wakamba, mama mkwe na mkwewe hawakai chumba kimoja, hawali meza moja, na mama mkwe halali kwa mkwewe hata mvua inyeshe vipi. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya wakwe, na ndivyo mama yangu alivyoishi; ndiyo maana nakuita muthoni, yaani mkwe, na si kwa jina lako. Simu nayo naona ni kama kukaa meza moja, maana nitakusikia ukipumua. WhatsApp inaniambia umesoma saa ngapi, na huko ni kuchunguliana. Barua ndiyo yenye adabu.

Sasa shida yangu. Tangu niache kufundisha nimeshindwa kukaa bure. Mwaka jana sisi akina mama wa kanisa tulitembelea watu fulani wanaoyeyusha chupa kuukuu na kutengeneza sahani za rangi. Nikaona glasi ikimwagika polepole, nyekundu, nzito kama asali. Aiya! Tangu siku hiyo sina raha. Nimetazama vidio mpaka bando zikaisha. Dianah anasema wewe ni fundi wa oveni za mikate. Je, unaweza kunitengenezea moja ndogo inayofika joto la mia tisa? Kuku nimeshawahamisha. Kibanda chao kiko wazi na stima nimeivuta.

Usinicheke.

Mama mkwe wako,
Ndila

*

Ruiru
13 Machi 2025

Kwa Mama,

Habari yako? Nilikuwa nimeandika "niaje", Dianah akanichapa mgongoni, nikaanza upya. Sisi tuko poa kabisa. Pole na goti.

Mama, mia tisa! Mikate yangu inaiva kwa mia mbili. Ukiweka mkate kwa mia tisa unapata moshi peke yake. Lakini sijacheka, wallahi ya Mkristo. Nilikaa na hiyo barua siku mbili nikichora kwenye kartoni. Nitajenga na matofali ya moto, niweke waya mzito na kipimo cha joto cha kusoma nje. Nitaileta mwenyewe na pikapu. Swali langu ni moja tu: nikifika, wewe utakuwa wapi? Nisije nikavunja sheria kwa bahati mbaya.

Halafu kuna ile habari Dianah amekuambia. Mwezi wa saba tutakuwa watatu. Mama, nikuambie ukweli, mke wangu analia. Anataka mama yake awe hapa mtoto akija. Mama yangu Waruguru alishatuacha, unajua, kwa hivyo hakuna mwingine wa kutuonyesha hata mtoto anashikwa upande gani. Mimi naogopa kuliko Dianah, ila usimwambie. Kama ni mbuzi inatakikana ndio ulale kwetu, sema tu, nitaleta hata mbili.

Mtoto wako,
Kagwe

*

Ngoliba, Thika
21 Aprili 2025

Kwa Muthoni wangu,

Salamu nyingi za Pasaka. Mnaendeleaje? Dianah anakula? Mpe ndengu, si chipsi.

Tanuri limefika na linafanya kazi. Siku ulipolileta nilikuwa kwa jirani yangu Wamboi, nimekaa nyuma ya tangi la maji kama mwizi. Niliuona mgongo wako tu. Ni mgongo wa mtu wa kazi, nimeridhika.

Sasa nikueleze ninavyofanya. Nachukua kijungu cha maua, kile cha udongo chenye tundu chini. Nakijaza vipande vya chupa, nakiinua juu ya matofali ndani ya tanuri, na chini yake naweka kigae bapa nilichopaka chokaa ili glasi isishike. Joto likifika mia tisa na kitu, glasi inayeyuka na kujimwaga kupitia lile tundu, uzi mmoja mrefu unaojikunja na kujikunja. Kijani ya soda inaingia ndani ya kahawia ya bia. Ndiyo, ya bia! Mke wa pasta alinikuta barabarani na gunia la chupa za bia, ikabidi nimlete mpaka kibandani aone kwa macho yake. Sasa ananiletea mitungi ya jemu.

Ya kwanza ilipasuka kwa sababu nilichanganya chupa na kioo cha dirisha. Ya pili ilipasuka kwa sababu niliharakisha. Glasi ikishamwagika haitaki haraka, inataka ipoe na mlango umefungwa, siku nzima na usiku wake. Ya tatu ilitoka! Niliibusu.

Kuhusu kulala kwenu, hapana. Mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa, ulishaleta, na walikuwa wanono. Hili si jambo la mbuzi. Nimezaliwa ndani ya nthoni na nina miaka sitini na nane. Nisamehe, na Dianah anisamehe. Lakini nimepata wazo. Dianah anasema chumba cha mtoto kina dirisha dogo juu ya mlango. Nipimie. Nitamwaga kioo cha rangi, jua likipita asubuhi limwangukie mtoto. Mimi siwezi kulala kwenu, kioo changu kitalala.

Mama mkwe wako,
Ndila

*

Ruiru
19 Mei 2025

Kwa Mama,

Habari ya Ngoliba? Hapa tuko sawa, Dianah sasa ni mkubwa kuliko mlango, na anakula ndengu akininunia mimi badala yako.

Dirisha ni sentimita thelathini kwa thelathini. Nimepima mara tatu.

Dianah anasema kipimo cha joto kimeanza kuruka ruka. Huo ni waya umelegea. Nitakuja Jumamosi saa tisa mchana nikaze. Jifiche tu, mimi nitafanya kazi yangu na niende.

Mtoto wako,
Kagwe

*

Ruiru
26 Mei 2025

Kwa Mama,

Habari yako. Sijui nianzie wapi.

Nilisema saa tisa mchana, lakini nilipata mtu wa kunipeleka asubuhi, nikafika saa tatu. Nikabisha, kimya. Nikaingia kibandani. Swichi ilikuwa imezimwa, nikajua tanuri liko tupu. Nikashika mlango, nikasikia una moto. Sasa kwetu kwa oveni za mikate, ukikuta moto unafungua mlango wazi, upoe, ndio uguse waya. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja. Sikufikiria. Nilifungua.

Mama, nilikiona. Kilikuwa kizima. Kijani na kahawia zimejikunja kama mawingu, na katikati kuna mahali peupe pa mtungi wa jemu. Nilikiangalia nikasema woi, hicho ni cha mtoto wangu. Halafu kikalia ting. Kikakatika katikati, mbele ya macho yangu. Halafu ting tena.

Nilikaza waya kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Nikienda, niliona pazia la jikoni likitingika. Ulikuwa ndani. Uliona.

Nisamehe.

Mtoto wako,
Kagwe

*

Ruiru
16 Juni 2025

Kwa Mama,

Wiki tatu zimeisha. Dianah anapita kwako kila Ijumaa na anarudi mikono mitupu. Nikimuuliza anasema mama yuko mzima, anapalilia. Nimeuliza kama tanuri linawaka, anasema kuku wamerudi kibandani.

Hiyo ya kuku ndiyo imenimaliza. Nilitaka kukujengea kitu cha furaha, nikakiharibu kwa mkono mmoja. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa barua, hata ya mstari mmoja. Hii kimya siiwezi.

Mtoto wako,
Kagwe

*

Ngoliba, Thika
27 Juni 2025

Kwa Muthoni wangu,

Habari zenu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulikuwa na kazi.

Sikukukasirikia. Hilo lishike kwanza kabla ya mengine, na uache kubeba lawama. Kuku walirudi kwa sababu sikuweza kuliangalia lile tanuri, na si kwa sababu yako. Wewe ulifanya vile fundi wa oveni za mikate anavyofanya. Mimi ndiye niliyejua.

Nitakuambia, ingawa naona haya. Nilikuwa jikoni nyuma ya lile pazia. Nilikuona ukifika mapema. Nilikuona ukiingia, na mlango wa kibanda uko wazi, nikauona mkono wako ukienda kwenye tanuri. Nilijua glasi iko ndani, haijapoa hata nusu. Neno moja tu lingetosha. "Wacha!" Basi. Lakini jina lako sijawahi kulitamka mbele yako, wala sauti yangu hujawahi kuisikia, na mdomo wangu ukajifunga. Nikasimama na mwiko mkononi, mwalimu wa miaka thelathini na nne, aliyetuliza madarasa ya watoto sitini, nikashindwa kusema wacha. Hata ile ting niliisikia kutoka jikoni.

Wiki hizi nimekuwa nikipalilia mihogo nikiongea peke yangu. Wamboi alidhani nimechanganyikiwa. Nilijiuliza, kama ingekuwa ni mtoto ndani ya chumba, na si kioo, na mimi niko nyuma ya pazia? Nthoni ni heshima. Mama yangu alinifundisha ili niheshimu watu, hakunifundisha ili nione kitu cha mjukuu wangu kikiharibika na ninyamaze. Nafikiri hata yeye angenigombeza. Nimelia, na sasa nimemaliza kulia.

Kuku nimewatoa tena. Wamekasirika, watazoea. Njoo Jumamosi ya tarehe tano, saa tatu asubuhi. Sitakuwa kwa Wamboi. Njoo na glavu nzito, kwa sababu kijungu kikijaa kinanilemea peke yangu. Tutamwaga kingine sote wawili. Usiniangalie sana usoni, nitazoea polepole.

Mama mkwe wako,
Ndila

*

Ruiru
9 Julai 2025

Kwa Mama,

Habari tangu Jumamosi? Mimi bado natabasamu mpaka wateja wananiuliza kama nimeoa tena.

Nataka niandike ile siku nisije nikasahau. Nilikukuta umesimama nje ya kibanda, umefunga kitambaa, umeangalia mti wa mpapai. Nikasema habari Mama. Ukauambia mpapai kwamba ni nzuri. Tulifanya kazi hivyo karibu masaa mawili, wewe unauambia mpapai, mpapai unaniambia mimi. "Chupa za kijani ziwe chini." "Mtu asizidishe kahawia." Mimi nikawa najibu kijungu.

Halafu joto likapanda, tukakaa kwenye makreti, kila mtu upande wake. Uzi wa kwanza ukaanza kushuka, tukautazama kupitia kale katundu ka kuchungulia ulikoniambia nikaache kwenye mlango wa tanuri. Mama, sijawahi kuona kitu kama hicho. Nilisahau kila kitu. Nilitaka kuona vizuri, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mlango.

"KAGWE! WACHA!"

Aki ya nani, kuku wote waliruka. Wamboi alitokea uani na ufagio. Mimi niliruka nikakaa chini. Na wewe ukashika mdomo, ukaniangalia, kwa macho kabisa, halafu ukaanza kucheka, tukacheka mpaka ukashikilia ukuta. Sauti yako ni kubwa, Mama! Hao watoto sitini walikuwa na kazi.

Mlango sikuugusa. Tukanywa chai. Nimeambia Dianah tulikunywa chai meza moja, hakuamini, anataka ushahidi.

Nikate hapo, ananiita; barua hii nitaituma na watu wa vifurushi. Anashika mgongo.

Mtoto wako,
Kagwe

*

Ngoliba, Thika
18 Julai 2025

Kwa Kagwe,

Unaona nimeandika jina lako. Kalamu imechelewa kidogo lakini imeandika.

Habari za mama na mtoto? Nimesikia ni msichana na ni Waruguru, jina la mama yako, kama desturi yenu inavyotaka. Mama yako angefurahi sana. Nimeimba hapa mpaka koo limekauka.

Kioo kimetoka kizima. Nilikiacha siku mbili na nusu bila kufungua, nikikaa mbele ya mlango kama askari. Kijani iko pembeni, kahawia inazunguka, na ile nyeupe imekaa katikati, pana zaidi kuliko ya kwanza. Ni kizuri. Nasema mwenyewe, kwa sababu Wamboi ameshasema.

Sasa nimefikiria nani wa kukileta Ruiru. Dianah hatembei bado. Wamboi ana mikono ya mafuta, kila kitu kinamponyoka. Watu wa vifurushi nawaamini na barua hii tu, kioo watakirusha. Wewe ukija kukichukua, utamwacha nani na mtoto? Nimehesabu watu wote ninaowajua na ninaowaamini na kile kioo, nikapata mmoja tu.

Nitakileta mwenyewe, nimekipakata, kimefungwa kwa blanketi. Nitafika Jumanne. Na kwa sababu dirisha linataka kuangaliwa asubuhi jua likitoka, na mimi sitasafiri usiku na goti hili, tengeneza kitanda. Cha kawaida. Usinunue kitu.

Mama,
Ndila

*

Ruiru
3 Agosti 2025

Kwa Mama,

Habari ya asubuhi? Umeamkaje? Najua umeamkaje, nimekusikia ukikohoa nyuma ya ukuta.

Nakuandikia hii nikiwa kwenye ngazi ya chumba cha mtoto, karatasi nimeiweka juu ya goti, kwa sababu nilikuwa nimezoea barua na sitaki ziishe bila kuagana. Nimemaliza kukaza mbao za dirisha. Jua limefika kwenye kioo saa moja na dakika kumi. Waruguru ana kijani kwenye paji la uso na kahawia kwenye mkono, na anajaribu kuishika hiyo rangi. Karibu wiki mbili uko hapa, na umenionyesha mtoto anashikwa upande gani, na bado nakosea.

Nilitaka kukuandikia asante kwa urefu, Mama, niseme vile nilikuwa naogopa na vile siogopi tena. Nilikuwa nimepanga kurasa mbili.

Lakini uko jikoni, na unaniita kwa jina, kwa ile sauti ya kurusha kuku. Unasema chai inapoa. Wacha nikuje.

Kagwe