Chupa ya Yustina Kando ya Jiko

Jumamosi, Julai. Baridi kali hapa Ruhuwiko, ukungu haujaondoka.

Wengi hukosea hapa: hudhani kila kilichoganda kwa baridi kitarudi sawa kikipashwa moto.

Mke wangu Osmunda naye ni hivyo hivyo. Kila kipupwe mafuta yetu ya kupaka huganda, naye huyaweka kando ya jiko la mkaa. Alfajiri ameikuta stoo chupa ya mjukuu wetu Yustina, imejaa mabonge meupe. Akaihurumia.

"Mwalimu, yale mafuta ya mjukuu wako nimeyayeyusha," ameniambia huku akimenya viazi. "Midomo imempasuka vile, na mafuta anayaficha stoo!"

Nimeinamisha chupa. Hakuna kilichomwagika. Kilichokuwamo kilitikisika tu, kama ute wa yai uliochemshwa kidogo.

Hayakuwa mafuta. Yalikuwa maji yenye chembe za jamii ya sabuni, ambazo Yustina alizihangaikia chuoni mwaka mzima, na hana nyingine. Kila chembe ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Ndani ya maji hukusanyika, mikia ndani, vichwa nje, lakini hazishikani. Ukiongeza maji mengi, zinatawanyika. Yustina alitaka kuziunganisha zikiwa zimekusanyika hivyo, taratibu, chini ya taa ya maabara moja Mbeya, anakokwenda Jumatatu.

Moto umemtangulia. Umeziunganisha ovyo.

Yale mabonge ya baridi yangeyeyuka yenyewe jua likipanda. Chembe zikishaungana, haziachani.

Nimefundisha kemia hadi nikastaafu. Asubuhi hii nimekaa na chupa mapajani, naizungusha tu, kama vile itabadili mawazo. Najua kila hatua ya kilichotokea humo ndani, na hakuna hata moja ninayoweza kuirudisha.

Jana wakati wa chakula niliyaeleza yote haya, vichwa na mikia, mpaka Osmunda akasinzia. Yustina alicheka: "Babu, umeshamlaza Bibi!"

Neno moja sikulisema. Isikaribie moto.

Yustina yuko Maposeni kwa shangazi yake, atarudi jioni. Osmunda amepanga kumkabidhi chupa mwenyewe. Nasikia anaimba huko jikoni.

Nitamwambiaje Osmunda?

Najijibu mwenyewe: leo, kabla mtoto hajarudi, nenda jikoni ukamwambie mkeo. Anza na lile neno ulilosahau.