Kahawa Ndani ya Sanduku la Hadubini

Jumanne, Mbinga. Mvua haijakatika.

Nimemfokea Dada Fausta bure, tena mbele ya wateja.

Asubuhi nilitoa damu kwenye sikio la ng'ombe wa Mama Tekla kule Mpepai. Ndiye ng'ombe wake pekee wa maziwa, na homa ilikuwa kali. Nikarudi kliniki, nikaipaka damu kwenye kioo, nikainamia hadubini. Ukungu mtupu. Lenzi imeota kuvu.

Nikadai Fausta, mhudumu wetu, ameifuta tena kwa kitenge chake. Akainamisha kichwa. "Samahani, Daktari."

Nilirudi Mpepai kuchoma sindano ya ndigana, ule ugonjwa wa kupe, kwa kubahatisha. Sikumwambia Mama Tekla kwamba kipimo kimeshindikana.

Jioni Fausta akaniletea kile kifuko cha kahawa nilichokiweka mwenyewe ndani ya sanduku la hadubini ili kinyonye unyevu, maana zile chembe maalumu za kazi hiyo zimeisha siku nyingi. Aling'ata punje moja, akanipa nyingine. Ilikuwa laini.

"Hii haijakauka, Daktari."

Akakiweka kifuko kando ya lenzi yenye kuvu. Afadhali angenifokea.

Nimekulia kijijini Mapera nikianika kahawa ya baba. Hatukufunga gunia hata moja bila kung'ata kwanza. Na hii niliichota tu kichanjani, haraka haraka, kama mtu ambaye...

Nimechoka. Kesho nitamwomba Fausta radhi, mbele ya wateja vilevile.

Mama Tekla amepiga simu sasa hivi. Ng'ombe bado hajasimama. Lakini anamshukuru Mungu, anasema, kwamba siku hizi tunapima kwanza.