Shimo Jeusi Lililofika Kanisani

Nunguni,
Kaunti ya Makueni.
14 Juni 2025

Mpendwa Mwaitu Mbula,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, tena salamu zenye baridi, maana ukungu wa Juni umetukalia wiki nzima na hata nguo hazikauki. Unaendeleaje na afya? Kifua chako kinastahimili upepo wa huko Cape Town? Sisi tu wazima. Goti langu linanisumbua kidogo, na mama yako hajambo, ila ameninunia. Nitafika hapo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu nzuri ya nyumba hii ni ya Nduku mama yako, na kila ninachosema humo anakisikiza. Mulinge, yule mwanafunzi mwenzako, anarudi huko chuoni kwenu wiki ijayo, yeye ndiye ataibeba barua hii. Una jina la mama yangu, na tangu uzaliwe nimekuita Mwaitu, yaani mama, kwa hiyo nivumilie mimi mwanao nikilalamika.

Maparachichi yamezaa mpaka matawi yanainama. Shangazi yako Kathini amepaka nyumba yake rangi ya waridi, na bado tunajifunza kuitazama.

Sasa neno lenyewe. Ile sauti uliyoturekodia mwezi uliopita, mama yako aliisikia kwanza akiwa peke yake jikoni. Ulisema, "Siku hizi mimi niko tu kwa hiyo shimo nyeusi. Silali. Inameza kila kitu, na sijui nitatoka lini." Hakuniambia chochote. Alifunga kitambaa kichwani akaenda moja kwa moja kwa kina mama wa maombi. Jumapili, mimi nimekaa zangu benchi ya mbele, nikamsikia Pasta Musyoka akitangaza kwamba binti yetu Mbula ameingia katika shimo la giza ugenini, na kwamba kina mama wanafunga kwa ajili yake. Nilidhani umeanguka mgodini!

Halafu nikakumbuka barua yako ya Pasaka, nikasimama. Nikawaeleza kwamba Mbula anachunguza galaksi, mji mkubwa wa nyota, iitwayo Centaurus A. Kwamba ni jirani yetu wa karibu, ingawa mwanga wake umesafiri miaka kama milioni kumi na mbili kutufikia. Kwamba zamani ilimeza galaksi mwenzake, na vumbi la huyo aliyemezwa bado limeikata tumboni kama mshipi mweusi. Na kwamba katikati kuna shimo jeusi, zito kuliko majua milioni hamsini, ambalo halijaacha kula, ndiyo maana mnaiita galaksi hai. Kanisa likacheka. Pasta naye akacheka, akalifuta ombi. Nilirudi nyumbani kichwa juu, najiona profesa.

Mama yako hakucheka. Aliweka simu mezani mbele yangu, akasema, "Wewe ulisikiza galaksi. Sasa sikiza mtoto."

Nikasikiza. Mwaitu, hukuuliza muthokoi. Tangu uende huko hujawahi kumaliza kuongea bila kuuliza ni nani amekula sehemu yako ya yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe ya Jumamosi. Hata wakati wa mitihani uliuliza. Hata siku ile uliyoibiwa begi uliuliza. Safari hii ulipumua tu, sauti ikaisha.

Tulikupigia, ukasema uko sawa, uko kazini. Hilo ni jibu la kila mtu. Hata mimi goti likiuma nasema niko sawa.

Tangu hapo situlii. Naanza kupogoa mikahawa, naacha katikati. Nanoa panga ambalo tayari ni kali, mpaka mama yako ananiuliza nimepanga kumkata nani. Jioni natoka nje kutazama kusini, upande ule ulionionyesha, kana kwamba nikimwona huyo jirani yako nitajua hali yako, lakini ukungu haufunguki. Naogopa, mwanangu. Naogopa kwamba nilisimama mbele za watu nikawachekesha huku mtoto wangu analia.

Nimerudia barua yako ya Pasaka. Uliandika kwamba si kila kinacholikaribia lile shimo humezwa. Kuna vitu hufika karibu kabisa na mdomo, kisha vikarushwa nje kwa kasi ya ajabu, vikaenda mbali kuliko galaksi yenyewe, hata darubini zenu za redio zinaona alama zake zimetanda angani kuushinda mwezi kwa upana. Ukasema hicho ndicho mnachochunguza, namna vinavyoponyoka, na kwamba bado hamjaelewa vizuri. Hapo ndipo ninaposoma tena na tena.

Basi nijibu hivi. Kama shimo ni la galaksi, niandikie "galaksi", nami nitamcheka mama yako mpaka Krismasi. Kama ni lako, andika "muthokoi", basi, uje nyumbani. Hutaulizwa sababu wala masomo. Nitakuja kukupokea Nairobi na sweta mkononi. Hiyo Centaurus A ilikuwako kabla yetu, haitakimbia ukipumzika.

Kathini anakusalimia sana, anasema rangi ni yake na ukuta ni wake. Mama yako anakusalimia zaidi ya wote, na sehemu yako ya muthokoi kila Jumamosi anaifunika kwa sahani, na hakuna anayethubutu kuigusa. Pasta Musyoka pia anakusalimia. Jumapili iliyopita nilisimama tena kanisani, nikaomba ombi lako lirudishwe. Safari hii hakuna aliyecheka. Pasta akaniuliza tuombee shimo lipi. Nikamwambia bado hatujajua, tuombee yote mawili.

Mungu akushike mkono hapo ulipo, wala asiuachilie.

Mimi mwanao na baba yako, nikupendaye,

Mbaluka