Baba, Sasa Jaji Ni Mimi

Mpendwa Baba,

Mwaka ule kabla hujatuacha uliniambia kwa simu, "Mama, mchezo umetosha, shika kazi." Nami nikakujibu kwamba uigizaji nimeacha. Nilikudanganya. Niliendelea kupanga maboksi ghalani Wetherill Park, na kila nilipopata siku ya mapumziko nilipanda treni kwenda kuomba nafasi za runinga hapa Sydney. Ulienda ukiniamini, na jambo hilo limenikaa rohoni.

Lakini Baba, na wewe una makosa yako. Mbona ulinifundisha kumpenda yule mwigizaji wa Kimarekani mwenye upara? Hakuwahi kuwa steringi hata mara moja. Wiki hii daktari, wiki ijayo mkuu wa polisi, mwezi ukiisha ni jirani mwenye wivu. Watu wote Nakuru walimshangilia kijana mwenye bastola; wewe, karani wa mahakama, ulimngoja mzee wako. Akiuawa mapema ulikasirika. "Wameua tena mtu wa maana!" Ukazima runinga, steringi yuko juu ya paa bado, na sisi watoto tunalia tunataka kujua mwisho.

Alipocheza jaji ulisogeza kiti karibu na runinga. "Angalia anavyosikiliza," uliniambia. "Hao wengine wanangoja tu zamu yao ya kuongea." Jina lake hatukuwahi kulishika, lilipita mbio sana kwenye orodha ya waigizaji mwishoni. Mwaka huu nililitafuta, nikakuta alifanya kazi hiyo mpaka uzeeni, karibu kila mwaka, bila sura yake kubandikwa kwenye bango lolote.

Basi, mwezi uliopita watu wa tamthilia moja ya runinga waliniita kusoma nafasi ya muuguzi. Muuguzi nimemcheza mpaka nimemchoka. Nikawaambia, "Mnatafuta na jaji. Nipeni nisome huyo." Walitazamana, wakakubali.

Mshtakiwa alikuwa mzungu mzee, mvi tupu, amesimama mbele yangu akitetemeka kama mchezo ulivyotaka. Nami, mtoto uliyemlea wewe, nikainuka kumpisha kiti.

"Kata! Jaji, mbona umesimama?" aliuliza mwongozaji.

"Kwetu mzee hasimami mimi nikiwa nimekaa."

Walicheka. Mimi sikucheka, niliona nafasi ikiniponyoka. Nikakaa, tukaanza upya, na mara hii sikuharakisha kitu. Nilimsikiliza yule mzee mpaka neno lake la mwisho, ndipo nikatoa hukumu. Hakuna aliyecheka tena.

Jana walipiga simu: jaji ni mimi, msimu mzima. Ghalani nilimwambia rafiki yangu, mama mmoja wa Kongo, akashika kichwa. "Dada, na shift yako? Boss atakuacha kweli?" Nikamwambia mimi ndiye ninayemwacha boss. Jumatatu nampa notisi. Naogopa kidogo, sikufichi, lakini kazi hii naijua na nitaiweza.

Nilipofika nyumbani nilichukua simu nikuambie, nikakumbuka. Nililia pale pale jikoni, viatu vya kazi bado miguuni.

Sasa umeujua ukweli. Ruhusa siiombi, Baba, umri huo nimeupita. Baraka zako ndizo ninazozitaka, na sijui mtu huzipataje akishachelewa.

Pumzika salama.

Kitindamimba wako