Valerian, boila na mkwewe

Godson, sikia upuuzi. Valerian nusura amuue mama mkwe leo.

Fundi alishamwambia boila, ile mashine ya kupasha nyumba joto, imeoza, inatoa hewa ya sumu, anunue mpya. Yeye akang'ang'ania itengenezwe. Hajaiona hata mara moja. Iko besmenti, chumba cha chini ya nyumba, anakolala mama mkwe, na mkwe haingii chumba cha mkwe.

Leo king'ora cha sumu kikalia. Bibi yuko chini, kichwa kinamzunguka.

Unajua mpumbavu alifanya nini? Alisimama juu ya ngazi. "Shikamoo mama. Naomba utoke."

Shikamoo, Godson. Sumu imejaa, yeye anaamkia.

Bibi kapanda peke yake, anashika ukuta. Akamtazama. "Sasa utanunua mpya, baba, au bado unaniheshimu?"