Cuba Ndani ya Kanisa Letu

Baba,

Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika. Tulikuzika Jumamosi hapa Tawa, na Baba Mdogo akashika maikrofoni mbele ya watu wote akasema, "Ndugu yangu alipotezwa na nyimbo za walevi, lakini Mungu akamrudisha." Watu wakaitikia amina.

Nyimbo za walevi ndizo hizo zako za Cuba. Ulizifuata kwa gitaa, santuri baada ya santuri, hadi ukawa unaimba Kihispania ambacho hata nusu ya maana yake hukuijua. Ile kofia yako nyeupe uliivaa hata ukienda kupalilia pojo. Majirani walikucheka, nawe ukacheka nao.

Halafu kwaya ikasimama. Wakaimba ule wimbo wa kanisa uliowapangia wewe mwenyewe, kwa mdundo ule ule ulionifundisha nikiwa mdogo: makofi matatu, kimya kidogo, makofi mawili. Mdundo wa Cuba, Baba. Baba Mdogo mwenyewe akatikisa mabega. Kanisa zima lilikuwa linakuaga kwa muziki ambao lilikuwa limetoka tu kuutukana, na hakuna aliyejua ila mimi. Nilitaka kucheka, nikalia kwa hasira.

Nikatoka kutafuta vile vijiti viwili vya mpingo ulivyochonga vya kugongea mdundo, nivigonge hata kama watanifukuza. Nikavikuta vikiwaka chini ya sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa ya kulisha waombolezaji. Baba Mdogo ndiye aliyevipeleka mekoni asubuhi. Alisema nyumba inasafishwa.

Na wewe pia nimekukasirikia. Kila Jumapili tukitoka kanisani nilikuuliza mbona huwaambii wamecheza nini. Ulikuwa unacheka tu: "Wacha wacheze kwanza, Mueni. Tutawaambia baadaye." Baadaye gani, Baba? Wewe umelala zako, mimi nimeachwa na watu wanaokuombea msamaha kwa jambo wanalolifanya wenyewe kila wiki, wakiwa wamevaa nguo zao nzuri.

Nimechonga vijiti vingine. Ni vya mgunga tu, havilii kama vile vyako. Siku ya kuweka msalaba kaburini kwaya itaimba tena, na mimi nitasimama katikati yao nikigonga. Nitangoja mabega yaanze kutikisika, ya Baba Mdogo kwanza, kisha nitaomba maikrofoni.

Pumzika, Baba. Wamecheza vya kutosha. Nitawaambia.

Mueni wako