Neno Nililomwandikia Kamau

Bondeni, Jumapili jioni, 1954

Nimeandika "amehama", na wino umekwisha kukauka.

Daftari la timu yetu lina safu ya sababu ya mchezaji kuondoka. Msimu huu wameondoka sita, wote kwa lori la polisi, katika misako ya hali ya hatari. Wa mwisho ni kaka yangu Kamau, golikipa wetu, aliyechukuliwa Alhamisi.

Kapteni Kiprono alinisihi: "Mwalimu, ukiandika 'amekamatwa' serikali ikalisoma daftari, itatunyima uwanja. Sasa hawa waliobaki wachezee wapi, jikoni kwako?"

Pengine yu sahihi. Pengine nimewalinda waliobaki, ingawa Kamau mwenyewe…

Anayehama huaga, na hubeba vitu vyake. Viatu vya mpira vya Kamau bado viko chini ya kitanda, vina matope ya Jumapili iliyopita.